Barabara kwanza, hati baadaye: namna ya kurasimisha mtaa wenu

Sinza na Manzese za Dar es Salaam zinapakana. Gari la zimamoto linaingia Sinza karibu kila mtaa, lakini sehemu nyingi za Manzese linaishia barabara kubwa, mipira ikavutwe kwa mikono. Tofauti hiyo ina asili yake. Mwaka 1972 serikali iliamua kuachana na bomoabomoa kama njia kuu ya kushughulika na makazi holela, ikachagua mambo mawili: kupima viwanja vyenye huduma, na kuboresha maeneo ambayo watu walishajenga. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni zikapimwa mapema, barabara zikatengwa kabla ya nyumba. Manzese ilikuwa imeshajaa, ikaongezewa barabara chache na huduma pale penye nafasi. Nusu karne baadaye, mistari ile ya wapima bado ndiyo inayoamua nani analetewa gari la kunyonya majitaka mlangoni na nani anabeba mgonjwa mgongoni mpaka kwenye lami.

Leo mitaa mingi ya Dar es Salaam, Mwanza, Arusha, Mbeya na Dodoma imefikiwa na zamu yake ya kuchorewa mistari, kupitia urasimishaji, yaani kupanga, kupima na kumilikisha makazi yaliyojengwa bila mpango. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inautambua urasimishaji, na Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007 inaeleza jinsi mipango ya maeneo ya mijini inavyoandaliwa na kuidhinishwa. Tatizo ni kwamba wakazi wengi huingia kwenye zoezi hili wakiwaza hati miliki peke yake. Hati unaweza kuifuatilia hata baada ya miaka 10. Barabara isipotengwa kwenye mchoro wa sasa, baadaye itapatikana kwa fidia ya mamilioni au kwa kubomoa, na mara nyingi haipatikani kabisa. Kwa hiyo mwongozo huu, ulioandikwa kwa ajili ya wajumbe wa kamati na viongozi wa mtaa, unakaa zaidi kwenye barabara, mifereji na fedha.

Kabla ya mkutano wa kwanza: angalieni mnabanwa na nini

Kuna maeneo ambayo hayarasimishwi hata mkichanga kiasi gani, na ni bora mjue kabla hamjakusanya shilingi ya mtu.

La kwanza ni mto, ziwa na bahari. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Waliobomolewa kwenye bonde la Msimbazi Desemba 2015 walikutana na kifungu hicho, miaka minne baada ya mafuriko ya 2011 yaliyofanya baadhi ya wakazi wa mabondeni wahamishiwe Mabwepande. Pimeni kuanzia ukingo wa mto kama ulivyo sasa. Mito ya Dar es Salaam inakula kingo zake kila masika, na nyumba iliyokuwa mbali miaka 15 iliyopita leo inaweza kuwa ndani ya mstari.

La pili ni hifadhi ya barabara, yaani ukanda wote uliotengewa barabara. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza upana wa hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 45 hadi 60, yaani kutoka mita 22.5 kila upande wa katikati ya barabara hadi mita 30. Ndiyo asili ya alama za X za rangi mbili zinazochorwa kwenye nyumba: nyekundu kwa aliye ndani ya hifadhi ya zamani, asiyelipwa, na kijani kwa aliyekutwa kwenye nyongeza, anayestahili fidia barabara ikipanuliwa. Ila zipo sehemu zenye vipimo vyake. Barabara ya Morogoro, kati ya Kimara na Kibaha, hifadhi ilihesabiwa mita 121.5 kutoka katikati, na mwaka 2017 nyumba nyingi zilibomolewa kupisha upanuzi. Msikariri namba; andikeni barua TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa, mkaulize hifadhi ya kipande chenu ni mita ngapi, mkalitunze jibu lao kwenye faili.

La tatu ni njia za umeme mkubwa, bomba, reli, na mchoro wa zamani. Nendeni idara ya ardhi ya manispaa mkaulize kama eneo lenu lilishawahi kuchorewa mchoro wa mipangomiji. Hutokea mtaa mzima ukawa juu ya kiwanja cha shule kilichochorwa miaka ya 1980 na hakuna aliyewahi kuambiwa. Mchoro kama huo lazima ubadilishwe rasmi kwanza, na hilo peke yake ni kazi ya miezi.

Wenye nyumba zilizo ndani ya mistari hii waambiwe mapema, uso kwa uso, na wasichangishwe. Kamati inayochukua mchango wa mtu wa bondeni ikijua hatapata kiwanja inajitafutia kesi.

Mkutano na kamati

Mkutano uitishwe na mwenyekiti wa mtaa pamoja na afisa mtendaji, na afisa mipangomiji wa halmashauri awepo. Hakikisheni mambo matatu yanaandikwa kwenye muhtasari: mipaka ya eneo la mradi, majina ya kamati, na uamuzi wa kuchangia. Orodha ya mahudhurio yenye sahihi iambatanishwe. Karatasi hii mtaiona haina uzito siku ile, lakini mtu akija kupinga barabara mwaka wa pili, ndiyo mtakayoifungua.

Kamati ya watu tisa hadi kumi na mmoja inatosha. Wawemo wanawake wenye ardhi yao wenyewe, wazee wanaojua nani alimuuzia nani, na angalau kijana mmoja anayemudu simu na kompyuta. Balozi wa kila eneo awe na mjumbe wa kushirikiana naye. Mjumbe mwenye mgogoro wa mpaka na jirani yake asiwemo mpaka mgogoro uishe.

Fedha

Hapa ndipo mitaa mingi imekwama. Kampuni binafsi ya upangaji na upimaji inapewa kazi, wakazi wanalipa mkononi, mchoro unachorwa nusu, kampuni inasema hela haitoshi, na kazi inalala. Wizara ya Ardhi iliwahi kuweka ukomo wa shilingi 150,000 kwa kiwanja kwa kazi hizi. Ulizeni halmashauri kiwango kinachotumika siku mnayosaini.

Pigeni hesabu kabla. Mtaa wenye viwanja 400 kwa 150,000 ni shilingi milioni 60. Wakilipa asilimia 55 tu, mna milioni 33, na kampuni inayotegemea milioni 60 haitafika mwisho. Kwa hiyo mkataba useme wazi nini kinafanyika kwa fedha iliyopo. Njia inayofanya kazi vizuri ni kugawa eneo vipande vinavyojitegemea, tuseme vinne vya viwanja 100, na kipande kianze pale asilimia 70 ya watu wake wamelipa. Wanaolipa mapema hawaumizwi na wanaochelewa, na majirani wakiona bikoni, yaani mawe ya mipaka, zinazikwa upande wa pili, nao huchangamka.

Fedha zipitie akaunti ya benki yenye watia sahihi watatu, na kila mtu apewe risiti. Malipo kwa kampuni yafuate kazi iliyokamilika: asilimia 20 utambuzi wa ardhi ya kila mmiliki ukiisha na orodha ikabandikwa, 30 mchoro ukiidhinishwa, 35 ramani ya upimaji ikiidhinishwa, na 15 za mwisho wakazi wakishakabidhiwa nakala. Kampuni inayodai nusu ya fedha kabla ya kugusa ardhi iacheni. Ombeni pia namba ya usajili wa mtaalamu wake wa mipangomiji na leseni ya mpima, mkazithibitishe wenyewe kwa barua ya halmashauri, kwa sababu mchoro uliosainiwa na asiyesajiliwa utarudishwa.

Utambuzi wa vipande

Kila kipande cha ardhi cha mtu kinajaziwa fomu: jina la mmiliki, majirani wa pande nne, matumizi ya ardhi, picha au mchoro wa mipaka. Makosa ya hatua hii ndiyo yanayozaa hati zinazokaa kabatini halmashauri bila mwenyewe kuzichukua.

Jina liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, herufi kwa herufi. Mama Rehema anayejulikana mtaa mzima kwa jina hilo hana hati ya jina hilo. Ardhi ya marehemu isiandikwe kwa jina la mtoto mkubwa kwa sababu tu ndiye aliyekuwepo nyumbani. Andikeni jina la msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na kama hajateuliwa, familia ipewe muda wa kufungua mirathi Mahakama ya Mwanzo huku kipande kikiendelea kupimwa. Mume na mke wanaomiliki pamoja waandikwe wote wawili. Muulizeni mama moja kwa moja, mbali na mumewe, maana wengi hukaa kimya mbele ya fomu.

Mpaka wenye ugomvi uwekewe alama kwenye orodha, uachwe, kazi isonge. Baraza la kata linasuluhisha tu, halitoi hukumu ya ardhi tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021. Ikishindikana, shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mtaa mzima usisimame kwa ajili ya futi mbili za watu wawili.

Kutafuta barabara

Sasa kazi yenyewe. Mpangaji akikaa na picha ya anga peke yake, atachora barabara pale penye upenyo, na upenyo mara nyingi ni wa mita mbili. Lazima mtembee naye uchochoro kwa uchochoro mkiwa na futi kamba ya mita 50, vigingi, kamba na chokaa.

Anzeni na swali la gari gani lipite. Gari la zimamoto lina upana wa karibu mita 2.5 na linahitaji njia ya walau mita 3.5 iliyo wazi. Ongezeni nusu mita ya mfereji na mnafika mita 4. Hicho ndicho kima cha chini cha kupigania kwenye njia za ndani zinazobeba nyumba nyingi. Barabara inayokusanya mitaa, ile ambayo bajaji, lori la mchanga na gari la taka vitapishana, isiwe chini ya mita 6, na ikiwezekana ifike 8. Njia za miguu zinaweza kubaki mita 1.5 hadi 2, ila kusiwe na nyumba iliyo zaidi ya mita 50 hivi kutoka mahali gari linapofika. Mpira wa gari la majitaka una mwisho wake.

Chukueni mfano wa uchochoro wa mita 130 wenye upana wa mita 2.2, viwanja 17 pande zote mbili, kila kimoja kikiwa na uso wa mita 15 na ukubwa wa karibu mita za mraba 300. Kufika mita 4 kunapungua mita 1.8, yaani sentimita 90 kwa kila upande. Mwenye kiwanja anatoa mita za mraba 13.5, sawa na asilimia 4.5 ya ardhi yake. Mkiitaja namba hiyo mkutanoni watu wanashusha pumzi, kwa sababu wengi walikuwa wanadhani wataombwa nusu ya uwanja. Msiseme "tunachukua ardhi kidogo". Semeni sentimita 90, mwekeeni futi kamba pale pale ajionee inaishia wapi.

Nyumba hazijajipanga sawasawa, kwa hiyo sentimita 90 kwa 90 haitawezekana kila mahali. Nyumba ya upande mmoja ikiwa sentimita 40 tu kutoka ukingo wa njia, huyo anatoa 40 na mwenzake wa ng'ambo anatoa mita 1.4, ambayo ni mita za mraba 21, asilimia 7 ya kiwanja chake. Kumwomba atoe asilimia 7 huku jirani yake akitoa 2 si haki, na atakataa. Mpeni kitu. Watu wote 17 wakichanga shilingi 40,000 zinapatikana 680,000, ambazo zinasaidia kujenga upya ukuta au choo kilichoguswa. Urasimishaji kwa kawaida hauna fidia ya serikali kwa njia za mtaa, hivyo fidia ya majirani kwa majirani ndiyo iliyopo. Iandikeni, isainiwe na pande zote mbele ya mtendaji wa mtaa.

Kuna vitu vinne ambavyo husahaulika karibu kila mahali. Kona: njia ya mita 4 inayokata kwa pembe mraba haigeuziki lori, mpaka kiwanja cha kona kikatwe pembetatu ya mita 3 kwa 3, ambayo ni mita za mraba 4.5 tu. Mwisho wa njia isiyotokea: wekeni uwazi wa kugeuzia wa walau mita 10 kwa 10, au dereva wa gari la taka ataingia mara moja na hatarudi tena. Nguzo za umeme: zikiwa katikati ya njia mpya, kuzihamisha kunalipiwa, kwa hiyo mstari ukiweza kuzikwepa uzikwepe. Na maji ya mvua. Tembeeni mtaani siku ya mvua kubwa, mkapige picha maji yanapopita na yanapotuama. Mkondo wa maji uchorwe kama hifadhi, usigeuzwe kiwanja hata kama umekauka mwezi wa nane na kuna mtu anadai alishaununua. Mtaa uliouza mkondo wake hufurika kila masika, na hakuna mfereji wa baadaye utakaorudisha njia hiyo bila kubomoa.

Njia ikikubaliwa, pigeni vigingi na kuvuta kamba siku hiyo hiyo, mwageni chokaa, na kila mwenye kiwanja asaini fomu ya ridhaa akiwa amesimama kwenye mstari wake. Ridhaa iliyochukuliwa ofisini bila mtu kuona mstari huvunjika fundi akija kujenga uzio. Chokaa inafutika kwa mvua moja, kwa hiyo acheni vigingi vya mti au nondo fupi mpaka wapima waje.

Maeneo ya wazi ni magumu kuliko barabara, kwa kuwa hakuna mtu mmoja anayeyataka. Tafuteni kwanza ardhi ambayo tayari inatumika na wote: kiwanja cha mpira, kisima cha zamani, makaburi, soko la jioni. Iandikeni kwenye mchoro kwa matumizi hayo kabla mtu hajaichora viwanja vitatu.

Mchoro ubandikwe ukutani

Kabla mchoro haujapelekwa kuidhinishwa, ubandikwe ofisi ya mtaa na sehemu nyingine mbili zenye watu, kwa siku zisizopungua 14, ukiwa mkubwa kiasi cha mtu kuliona jina lake. Andikeni majina maarufu juu yake: msikiti, duka la fulani, mwembe mkubwa. Watu wazima wengi hawajawahi kusoma ramani, lakini wakiona msikiti wanajua walipo. Pingamizi ziandikwe kwenye daftari moja lenye kurasa zenye namba, na kila moja ijibiwe kwa maandishi.

Mpangaji akirudi na mchoro ulioidhinishwa, ulinganisheni na ule uliobandikwa. Pimeni njia zote za mita 4 juu ya karatasi kwa kutumia skeli: kwenye mchoro wa 1:1000, mita 4 ni milimita 4. Njia ikipungua mpaka milimita 2 bila maelezo, rudisheni kabla ya upimaji kuanza.

Upimaji na bikoni

Wapima wanazika bikoni kwa kufuata mchoro. Mjumbe wa kamati awe nao kila siku akiwa na nakala. Kosa la kawaida ni bikoni kuzikwa kwenye ukuta uliopo badala ya kwenye mstari uliokubaliwa, kwa sababu mwenye nyumba amemsihi mpima. Sentimita 90 mlizozihangaikia zinapotea hapo, kimyakimya. Pimeni umbali kati ya bikoni za pande mbili za njia kabla wapima hawajaondoka. Ikisoma mita 3.1 badala ya 4, irudiwe siku ile ile, maana ramani ya upimaji ikishaidhinishwa, kubadilisha kuna gharama nyingine.

Bikoni ichukuliwe kama mali. Mpigieni picha mwenye kiwanja akiwa pembeni yake, na namba ya bikoni ionekane.

Hati, na yanayofuata

Mwenye kiwanja sasa anaomba kumilikishwa. Analipia ada za hati na usajili, ushuru wa stempu, gharama za ramani, tozo ya mbele (premium) na kodi ya pango la ardhi ya mwaka. Viwango vinabadilika kwa Sheria ya Fedha, na vimewahi kushushwa, kwa hiyo chukueni ankara yenye namba ya malipo ya serikali na mlipe kwa namba hiyo tu. Kodi ya pango la ardhi ni tofauti na kodi ya jengo, ambayo tangu 2021 hukatwa kupitia LUKU; wapo wanaodhani wakinunua umeme wameshamaliza yote, kumbe pango linarundikana na adhabu yake.

Wakati watu wanafuatilia hati, kamati isivunjwe. Pelekeni nakala ya mchoro ulioidhinishwa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanza mwaka 2017, mkaombe barabara zenu ziingizwe kwenye orodha yao. Barabara isiyo kwenye orodha haipangiwi bajeti, hata ikiwa na upana wa mita 8. Nakala nyingine iende mamlaka ya maji, ili bomba lilazwe ndani ya hifadhi ya njia na lisipite tena chini ya vyumba vya watu. Nyingine iende kwa mhandisi wa ujenzi wa halmashauri, pamoja na barua inayoomba kila kibali cha ujenzi ndani ya mtaa kikaguliwe dhidi ya mchoro.

Mwaka wa kwanza baada ya upimaji ndio wenye uvamizi mwingi, kwa sababu ardhi imepanda thamani na watu wana hamu ya kujenga uzio na vibanda vya biashara. Wekeni ratiba ya kamati kuzunguka na futi kamba kila baada ya miezi mitatu. Ngazi ya mlangoni iliyotokeza sentimita 60 njiani iondolewe ikiwa bado na saruji mbichi. Mwenye nyumba akiandikiwa barua ya mtendaji wa mtaa wiki hiyo hiyo, nakala ikiwa na fomu yake mwenyewe ya ridhaa, mara nyingi huvunja bila kufika barazani.